Redio Ikinyamaza, Bendera Inapanda

Ninyi mliobaki kwenye chumba cha redio pale Murangi, Sofia na wenzako, siku ya kuniaga mliniambia niandike mambo ya kazi ili wanaokuja wasianze upya. Mlisema mbele ya watu, soda mkononi, kwa hiyo huenda hamkumaanisha. Mimi nimelichukua neno kama lilivyosemwa. Nimeishia darasa la saba, nyumbani tunaongea Kijita, na Kiswahili changu nimekiokota mwaloni, pale maboti yanapotia nanga, pamoja na magamba ya samaki. Mkikuta neno limekaa upande, lisogezeni wenyewe. Mshahara sitauandika, hauna hadithi. Vyeo sikuwa navyo.

Kazi yetu ni hii. Asubuhi unapokea habari ya ziwa kutoka ofisi ya Musoma mjini. Ikiwa nzuri, mlingoti unabaki mtupu na maboti yanaondoka. Ikiwa mbaya, unapandisha bendera nyekundu, na hakuna boti linalofungua kamba. Na ukikosa habari kabisa, unapandisha bendera vilevile. Hilo la mwisho ndilo waliloliua watu wawili, Manyama na Zakaria, na likiisha kufa likamchukua mdogo wangu Nyangeta. Nawataja mapema ili msome mkijua.

Nilianza kwa kufagia. Kampuni ilikuwa ya pamba. Ilinunua pamba vijijini huku kwetu, ikaipakia kwenye maboti ya mbao, ikaivusha mpaka Kisorya, na malori yakaipokea kule kuipeleka kwenye kinu Bunda. Barabara ya kuzunguka ilikuwepo kwenye ramani. Abiria walipandaga juu ya magunia ya pamba, wakasema ndilo godoro pekee watakalolalia maishani. Mnara wa simu hapakuwa hata mmoja. Tulikuwa na redio kol, betri ya gari, na waya mrefu uliofungwa kati ya milingoti miwili. Kuku walipenda kutaga chini ya meza kwa sababu betri ilikuwa inatoa joto kidogo ikichajiwa.

Aliyeishika redio alikuwa mzee Mafuru. Zamani alikuwa mtu wa redio kwenye meli za ziwani, halafu meli zikapungua na yeye akabaki. Alinusa ugoro, alichukia watu wanaopiga hodi, na kwa mwezi mzima hakunijua jina. Siku moja nafagia akanivalisha vile vya masikioni vya kusikilizia redio.

"Binti, unasikia nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Ni kelele tu."

"Kelele za namna gani?"

"Kama mafuta kwenye kikaango."

"Basi sikiliza hicho kikaango. Hayo mengine, ya watu kuongea, hata mjinga anayasikia."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Alinifundisha kusugua vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi, kuongea polepole, kusema ova nikimaliza, na kutobonyeza kitufe wakati bado nafikiria. Hilo la mwisho ningependa hata wabunge wafundishwe. Akanifundisha pia habari ya jua.

Alisema jua lina madoa, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Kuna miaka madoa ni machache, unatafuta huoni. Kuna miaka yanajaa, na jua linatema. Likitema, redio inakufa mchana kweupe, hata ile kelele ya kikaango inakufa, na ukifungua mashine hukuti kitu kilichoungua. Sauti ya mbali, alisema, haitembei chini kama mtu. Inapanda juu, inagonga dari, inarudi upande wa pili. Jua likichafuka, dari linainywa. Sauti ya karibu inatambaa ardhini, yenyewe haiumii. Kwa hiyo ukiona Musoma wamepotea, ita zahanati ya pale mlimani, wana redio kama yetu. Zahanati wakijibu, mashine yako ni nzima na njia ndiyo imekufa. Hapo unafanya nini?

"Nasubiri, mzee."

"Unasubiri ukiwa umefanya nini?"

"Nimepandisha bendera."

"Kwa nini, na hujaambiwa ziwa ni baya?"

"Kwa sababu sijaambiwa ni zuri."

Mimi sijui kama dari lipo huko juu. Kila nilipoita zahanati ilikuwa kama alivyosema, hiyo ilinitosha. Bendera aliishona mwenyewe kutokana na joho la kwaya, parokia walipobadilisha sare, na ukiikunjua bado ulikuta tundu la kupitishia mkono. Mzee alipokufa kwa figo, sikurithi kitu kingine. Nilitundika bendera kwenye msumari ule ule wa nyuma ya mlango, nikakaa kwenye kiti chake.

Halafu akaja Manyama kuwa meneja wa mwalo. Mtu wa kwetu kabisa, ukoo wao nawajua mpaka mifupa. Alikuja mwaka ambao madoa ya jua yalikuwa yanaanza kujaa, na hilo ndilo lililotuangukia vibaya. Maana katika miaka ile redio ilikuwa inanyamaza mara kwa mara. Leo saa tatu asubuhi Musoma wamepotea, kesho wapo, keshokutwa wamepotea tena. Kila ukimya mimi nikapandisha. Na nusu ya siku hizo, nawaambia ukweli, ziwa lililala kama maji ya beseni. Pamba ikarundikana, panya wakahamia humo, abiria wakakaa chini ya mabati wakila mihogo na kunitazama.

"Nyabise," nahodha mmoja aliniitaga kutoka nje, "redio yako ina malaria tena?"

"Ina malaria. Shuka botini ukainywee dawa."

"Sisi tutakula nini, hiyo bendera?"

"Ina tundu la mkono. Ivae ukaimbe kanisani, watakupa sadaka."

Walicheka, lakini walikuwa wanakaa. Hicho ndicho kitu ambacho siku hizi kinaniuma nikikikumbuka. Waliinung'unikia ile bendera, wakaitukana, na hakuna aliyefungua kamba chini yake.

Manyama ndiye aliyemleta Zakaria. Zakaria alikuwa fundi wa kuchomelea kule Butiama, mtu wa mageti na madirisha. Kwa sababu alikuwa na kile kioo cheusi cha kinyago cha kuchomelea, siku moja alilitazama jua nacho akaona madoa. Angeishia hapo angekuwa mtu mwenye macho tu. Lakini alikuwa amesikia redioni kwamba madoa hujaa na kupungua kwa miaka kumi na mmoja hivi, na kwenye dini akakumbuka kwamba Yuda alipotoka walibaki mitume kumi na mmoja. Basi. Kila mwaka wa jua akaupa mtume wake. Mwaka wa Petro watu wajenge, mwaka wa Tomaso wasikopeshane, mwaka wa Yohana ni wa kuoa. Ndani ya mwaka akagawa siku, nyingine akaziita za jua safi, nyingine za jua chafu, akazichapisha kwenye kalenda kubwa yenye jua katikati na mionzi kama meno ya msumeno. Siku ya jua chafu usisafiri, usichinje ng'ombe, usisaini. Siku ya jua safi kila kitu kinakwenda.

Watu walioipenda hawakuwa wajinga, naomba muelewe. Mkulima wa pamba anapanda bila kujua mvua, anavuna bila kujua bei. Ukimpa karatasi inayomwambia Jumanne ni salama, anaibusu. Wakatoliki waliitundika karibu na rozari. Wazee wasiokwenda kanisani waliikubali kwa sababu babu zao nao walikuwa na siku za kutoka na siku za kukaa. Kila mtu alikuta humo kitu chake.

Manyama aliitundika kalenda kwenye chumba changu, juu ya redio.

"Nyabise, kuanzia leo tunakwenda kisasa. Siku ya jua chafu pandisha bendera yako, sitakugusa. Siku ya jua safi, redio ikinyamaza, usipandishe."

"Kwa nini, bosi?"

"Kwa sababu jua likiwa safi limetulia. Jua likitulia na redio inatulia. Ukimya wa siku safi ni amani."

"Bosi, ni kinyume. Redio hainyamazi kwa jua kutulia. Inanyamaza kwa jua kuchafuka."

"Wewe umesomea jua?"

"Sijasomea."

"Zakaria ameliangalia kwa macho yake miaka mingi. Wewe umeliangalia lini?"

Sikuwa nimeliangalia. Ni kweli. Nilijua sauti yake tu. Lakini nilimwambia pia kwamba habari ya ziwa haitoki juani, inatoka kwa watu wa hali ya hewa wanaopima upepo, na jua linachofanya ni kuwaziba mdomo tu. Akaniangalia kama unavyomwangalia mbuzi aliyeingia sebuleni.

Siku hiyo ninayotaka kuisema ilikuwa siku ya jua safi kwenye kalenda. Asubuhi redio ilianza vizuri, Makori wa ofisi ya Musoma akanisalimia, akasema ngoja kidogo habari ya ziwa inakuja. Katikati ya maneno akapotea. Si kupotea kwa kufifia. Kama mtu aliyezibwa mdomo. Kikaango nacho kikazima. Nikaita, nikaita. Nikageukia zahanati, wakajibu palepale, sauti safi kama wamekaa chumbani. Nikatoka nikapandisha bendera.

Manyama alikuja na kalenda imekunjwa kwapani. Boti lilikuwa limeshapakiwa, magunia mpaka juu, abiria wamekaa, ilikuwa siku ya mnada ng'ambo. Hakunifokea. Alikuwa na sauti ya upole siku ile, nakumbuka.

"Ishushe."

"Bosi, Makori alikuwa anataka kuniambia kitu."

"Aliwahi kukuambia?"

"Hakuwahi."

"Basi hajakuambia. Ishushe."

"Nishushe mimi, siwezi."

Akaishusha mwenyewe, akaikunja vizuri, akairudisha kwenye msumari. Akasema, na watu wakasikia, kwamba redio ni mbovu, imetusumbua vya kutosha, leo hii hii inakwenda Kisorya kwa fundi, ambaye alikuwa shemeji yake. Na mimi ndiye nitakayeibeba, nikamweleze fundi ugonjwa wake. Nikamwambia redio si mbovu, zahanati wamenisikia sasa hivi. Akasema, "Kama si mbovu, fundi atatuambia si mbovu." Akaing'oa nyaya. Mtu wa kazi akitumwa anakwenda, nina mama na wadogo waliokuwa wanakula kwa kazi ile. Nikaifunga redio kwenye kanga, nikashuka nayo mwaloni.

Nyangeta alikuwa ameshapanda. Alikuwa anakwenda Kisorya kumwona mchumba, kisingizio chake kilikuwa kununua vyungu. Sikujua kama angesafiri siku ile. Nilimwona amekaa juu ya gunia la mbele, miguu inaning'inia.

"Shuka," nikamwambia.

"Dada, kwani bendera iko wapi?"

"Wameishusha."

"Si ndiyo maana tumepanda? Ikishuka si ni salama?"

"Haikushuka, imeshushwa. Nyangeta, shuka, uende kesho."

"Mbona wewe unapanda?"

"Mimi nimetumwa."

Akacheka. "Na mimi nimetumwa na moyo," akasema, wanawake wenzake wakapiga vigelegele, na nahodha akawasha injini. Mlingoti nyuma yetu ulikuwa mtupu, na kila mtu pale alikuwa amezaliwa akijua mlingoti mtupu maana yake nini.

Upepo ulitukuta katikati. Sitaueleza sana. Wanaolijua ziwa wanajua, wasiolijua nikieleza watadhani naongeza chumvi. Pamba ikilowa inakunywa maji, na gunia linalokunywa maji ni jiwe. Boti lililala upande likakaa hivyo, halafu likageuka. Redio niliiachia ndani ya kanga, ikaenda na nyaya zake. Magunia yaliyoruka yalielea kwanza, tukayashika. Nyangeta alishika lake, mimi nilishika dumu tupu la petroli pamoja na mzee mmoja muuza furu, wale samaki wadogo wakavu. Tulikuwa karibu, tulikuwa tunaongea. Nilimwambia aliache gunia aje kwenye dumu. Aliniambia, "Dada, hili ni kubwa zaidi." Lilikuwa kubwa kweli. Lilikuwa linakunywa polepole, na yeye alikuwa amelikumbatia.

Wavuvi wa Kisorya walituokota jioni, mimi, yule mzee na wengine wachache. Wengi hawakuokotwa wakiwa hai. Nyangeta tulimpata siku nyingine, ufukweni.

Makori alikuja msibani kutoka Musoma. Alikaa kwenye mkeka, akawa anajikuna mikono. "Dada Nyabise," akasema, "karatasi ya upepo nilikuwa nayo mezani. Nilikuita mpaka koo likakauka. Nikasema si kitu, hawajaipata habari, watapandisha bendera. Nikaenda kunywa chai." Hakukosea. Ndivyo kazi ilivyopangwa. Mtu wa Musoma alikunywa chai yake kwa amani kwa sababu ya ule msumari nyuma ya mlango.

Kampuni ikaitisha kikao cha uchunguzi Musoma mjini. Nilivaa gauni la kuazima. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole.

"Mama, pole sana. Ile redio ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa. Jua ndilo lilikuwa limechafuka."

Watu wakajigeuzageuza kwenye viti.

"Siku ya ajali redio ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa botini."

"Nani aliibeba?"

"Mimi."

"Unaipeleka wapi?"

"Kisorya."

"Kwa nani?"

"Kwa fundi wa redio."

"Sasa mama," akasema taratibu, kama anayemsaidia mtoto, "redio nzima inakwenda kwa fundi kufanya nini?"

Wakacheka. Si kwa ubaya, ndiyo inauma zaidi. Nikamtazama Manyama, alikuwa anaangalia viatu vyake, viatu vizuri. Redio yenyewe ilikuwa chini ya ziwa, nani ataipima? Watu wa zahanati waliulizwa, wakasema asubuhi zote zinafanana, hawakumbuki. Kikao kikaamua kwamba chanzo ni ubovu wa chombo cha mawasiliano na mapenzi ya Mungu. Nahodha alikuwa amekufa, hakuweza kujitetea, akaongezewa uzembe. Manyama alihamishiwa kinuni Bunda, akapanda cheo huko, akaacha kazi akiwa mtu mkubwa. Leo ana nyumba Kabasa yenye geti jeusi, na kanisani kwao anakaa mbele. Mara moja tulikutana kwenye msiba. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Nyabise, tumetoka mbali." Nikamwambia, "Wewe umetoka. Mimi bado nipo kule kule." Akatikisa kichwa kama nimesema methali.

Zakaria nilimfuata mwenyewe Butiama, mwaka uliofuata. Nilitaka nimwone uso. Nilimkuta kwenye banda lake anachomelea geti, akainua kinyago. Jicho moja lilikuwa limeshaanza kuwa jeupe. Nikamwambia mimi ni nani. Akaniletea kigoda, akanipa maji. Mtu mwema, hilo ndilo tatizo.

"Mama, pole. Lakini siku ile niliihesabu vizuri," akasema. "Jua lilikuwa safi. Ziwa ndilo lilikuwa chafu. Mimi kazi yangu ni jua."

"Sasa nani alikutuma uwaambie watu habari za ziwa?"

"Sikuwaambia. Manyama aliniuliza kama siku safi ni nzuri kusafiri, nikasema ni nzuri. Hakuniuliza kwa chombo gani."

"Na hilo jua ulikuwa umeliona? Asubuhi ile?"

Akageuza kile kioo mkononi. "Asubuhi ile Butiama kulikuwa na mawingu."

"Kwa hiyo hukuliona."

"Kalenda ilikuwa imeshachapishwa tangu mwaka wa nyuma, mama. Siku yenyewe ikifika, nikiliona linalingana nafurahi. Nisipoliona, naandika lilivyopaswa kuwa."

"Na ukiliona halilingani?"

"Hapo nilikuwa napangusa kioo."

Alisema bila aibu, kama mtu anayekueleza jinsi ya kuwasha jiko. Nilikuwa nimekuja na matusi ya njia nzima kutoka Murangi. Nikanywa maji yake, nikaondoka. Sikumsamehe. Niliishiwa tu pa kushika.

Mimi walinipeleka Bunda kupokea redio za magari ya pamba, miaka kadhaa. Madoa ya jua yakapungua kama mzee alivyosema yatapungua, redio zikawa zinaongea kutwa, kalenda ya Zakaria ikafifia ukutani kwa watu, panya wakaimalizia. Minara ya simu ikaja. Kampuni ikabadilisha wenye mali, ikabaki na maboti ya abiria, na mimi nikaomba kurudi Murangi. Nilikuta msumari upo na joho la kwaya lipo, limekunjwa vile vile alivyolikunja Manyama. Nikaomba lile sharti la ukimya lirudi. Meneja aliyekuwepo hakujali, akasema fanya unavyojua mama. Basi nikafanya. Habari ikawa inakuja kwa simu, na simu ikikatika tunaita kwa redio, na redio ikinyamaza napandisha. Mkaniita Mama Bendera. Sofia, ulipoanza ulidhani ni jina langu la ubatizo. Kwa miaka yote niliyokaa hakuna boti lililoondoka katika ukimya. Hakuna aliyekufa pia, lakini huwezi kumwonyesha mtu asiyekufa.

Sasa nimestaafu, na jua limejaa tena, mnasikia wenyewe redioni wanavyosema. Juzi nilikuja kuchukua kiti changu. Mlinikaribisha vizuri, mkaniletea chai. Nikafunga mlango nione msumari, na kwenye msumari nikaikuta kalenda. Mpya, karatasi ya kung'aa, jua katikati, meno ya msumeno. Zakaria haoni tena, sasa anachapisha mwanawe. Nikafunua mpaka mwezi ule. Siku aliyokufa Nyangeta imepakwa rangi nyekundu peke yake, na chini yake imeandikwa Sadaka ya Ziwa, ilivyotabiriwa. Siku waliyosema ni safi wameigeuza kuwa siku waliyoijua.

"Mama, hii inatusaidia," Sofia ukaniambia. "Inataja mpaka siku ambazo mtandao utasumbua. Juzi ililenga kabisa."

"Na bendera iko wapi?"

"Ipo, mama. Si hii hapa?"

Ilikuwa imefunikwa juu ya betri kuzuia vumbi. Asidi ilikuwa imeshakula pembe moja. Nikauliza, mtandao ukikatika na redio ikinyamaza mnafanya nini siku hizi. Mkaangaliana. Mmoja wenu akasema, "Inategemea siku, mama."

Nyumbani kwangu ni juu kidogo, mlingoti nauona nikiwa nafua. Jana asubuhi simu yangu ilikosa mtandao. Sijui kama ilikuwa jua au dizeli ya mnara imeisha, na kwenye kazi yetu hakuna tofauti. Nikampigia Sofia, haikuita. Nikakaa nikitazama mlingoti. Ulikuwa mtupu. Boti likapakia, watu wakapanda. Nikatwaa kanga yangu nyekundu, nikaifunga kwenye mti wa kuanikia, nikausimamisha mti huo juu ya kichuguu, na wote mwaloni waliiona. Wengine wakanipungia mkono. Boti likaondoka.

Jioni lilirudi salama. Ziwa lilikuwa limelala kutwa nzima kama maji ya beseni. Abiria walishuka na vyungu na ndizi, na walipopita chini ya kwangu mama mmoja alinitania kwa wema tu, "Mama Bendera, tumerudi."

"Karibuni," nikasema.

Nyangeta naye alikuwa amerudi mara nyingi kabla ya siku ile.